Majina Yaliyomo Sandukuni

Masomo: Ezra 5 na 6, Nehemia 7:61-65, Yeremia 36



Mmetuona siku za Jumamosi tukiingia katika chumba kilicho nyuma ya sakristia, wazee kwa vijana, na wengi mmeuliza tunafanya nini humo mpaka jua linakuchwa. Tumesikia hata ikisemwa kijijini kwamba tunatafuta fedha za Mjerumani. La, ndugu zetu. Kama Mjerumani aliacha fedha Lusewa, hakuziacha katika masanduku ya kanisa. Tunachotafuta ni majina.

Katika chumba kile mna masanduku ya bati na kabati moja ambalo mchwa wamekwisha kula miguu yake. Ndani yake mna vitabu vya ubatizo, vya kipaimara, vya ndoa na vya mazishi. Mna madaftari ya makatekista yenye orodha za wakatekumeni na hesabu za sadaka. Mna vitabu vya mahudhurio vya tangu zama za shule za misioni, kabla serikali haijazitwaa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Na mna barua nyingi zilizofungwa kwa kamba bila mpango wowote. Padre alituomba tuvitazame. Tulioitika ni walimu wastaafu, akina mama kadhaa wa Umoja wa Mama, vijana wa kwaya wenye simu za kupigia picha, na jirani yetu mmoja Mwislamu, ambaye kati yetu ndiye peke yake awezaye kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hakuna alipwaye. Chai huletwa kwa zamu.

Leo twataka kuwaeleza kwa nini kazi hii ni kazi ya Kikristo, wala si mchezo wa wazee wasio na shughuli.

Tuanze na Ezra. Wayahudi waliporudi kutoka uhamishoni walianza kuijenga nyumba ya Mungu huko Yerusalemu. Kazi ikiwa katikati akaja Tatenai, liwali wa ng'ambo ya Mto, na wenzake, wakauliza swali analolijua kila mtu aliyewahi kujenga: nani aliyewapa kibali? Wazee wakajibu kwamba mfalme Koreshi ndiye aliyetoa amri. Lakini Koreshi alikuwa amekwisha kufa, na miaka kama ishirini ilikuwa imepita. Neno la mdomo halikutosha. Ikabidi mfalme Dario aamuru watu watafute katika nyumba ya kumbukumbu huko Babeli. Angalieni sasa jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: upekuzi uliamriwa Babeli, lakini gombo lenyewe lilionekana mbali sana na hapo, Akmetha, katika nchi ya Umedi. Ndani yake ilikuwamo amri ile, na vipimo vya nyumba, na agizo kwamba gharama itoke katika hazina ya mfalme. Basi kazi ikaendelea.

Ni nani aliyelitunza gombo lile? Ezra hakumtaja. Alikuwa karani fulani, pengine hata hakumjua Mungu wa Israeli. Kazi yake ilikuwa kuweka maandishi mahali pakavu. Hagai na Zekaria walihubiri, Zerubabeli alijenga, na sifa zao twazijua. Lakini kama karani yule angalikuwa mvivu, nyumba ya Mungu ingalisimama nusu kwa muda gani zaidi?

Nehemia atuonyesha upande wa pili, ambao si mzuri. Waliorudi kutoka uhamishoni walihesabiwa kwa koo zao. Wakatokea wana wa Hobaya, na wana wa Hakosi, na wana wa Barzilai, wakasema wao ni makuhani. Ikatafutwa orodha ya nasaba yao, nayo haikuonekana. Kwa sababu hiyo wakaondolewa katika ukuhani mpaka atakapotokea kuhani mwenye Urimu na Thumimu wa kuamua. Biblia haisemi kwamba watu hao walikuwa waongo. Haisemi kwamba walitenda dhambi. Yasema tu kwamba maandishi yao hayakuonekana. Kwetu sisi hilo ndilo neno linaloumiza kuliko yote katika sura ile, maana laweza kumpata mtu mwema kabisa.

Nalo linawapata watu wa hapa hapa. Mwakumbuka mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, ilipoagizwa kwamba laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole na kwa kitambulisho cha taifa. Watu wazima wenye wajukuu walianza kuulizwa cheti cha kuzaliwa ambacho hawakupata kuwa nacho maishani mwao. Mtu mzima aombapo cheti hicho kwa RITA hutakiwa alete ushahidi, na cheti cha ubatizo ni mmojawapo. Basi wakaja kwa Padre. Huyu asema alizaliwa mwaka wa njaa, yule mwaka wa nzige, mwingine ajua tu kwamba alikuwa mgongoni mwa mama yake siku fulani ya Pasaka. Kitabu kikifunguliwa na ukurasa ukiwapo, mambo hukamilika kwa nusu saa. Ukurasa ukiwa umeliwa, mzee huyo hurudi nyumbani akiwa kama mwana wa Barzilai. Tena Wakristo wenzetu wengine walibatizwa zamani kwa hati inayosema Wilaya ya Songea, nao leo wanakaa Wilaya ya Namtumbo, iliyozaliwa mwaka 2002 kwa kukatwa kutoka Songea. Mtu hakuhama hata hatua moja, lakini karatasi zake zasema yuko kwingine. Mambo kama hayo hayaelezeki vizuri kama kitabu cha asili hakipo.

Yuko pia mama mmoja mjane, hatutamtaja. Mume wake alipofariki, ndugu wa mume walisema kwamba hakuwa mke wa ndoa, bali ni mwanamke aliyekuja tu kukaa. Shamba la mikorosho lilikuwa karibu kwenda. Akina mama wawili wa kundi letu walikaa siku nzima wakifunua vitabu vya ndoa, na jioni wakauona mstari wake: jina la bwana, jina la bibi, mashahidi wawili, sahihi ya padre, na dole gumba la baba wa bibi. Mjane yule yungali shambani mwake. Yakobo asema kwamba dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Sisi twaongeza kwamba mara nyingine kuwatazama huko hufanyika kwa miwani, juu ya kitabu chenye vumbi.

Ndugu mmoja, mcha Mungu wa kweli, alitupinga kwa upole. Alisema: "Walimu wangu, Bwana ametuambia tufurahi kwa kuwa majina yetu yameandikwa mbinguni. Mbinguni hakuna mchwa. Karatasi za nini?" Ni neno zito, wala hatukulicheka. Twamjibu hivi. Bwana mwenyewe alizaliwa Bethlehemu kwa sababu Yusufu na Mariamu walikwenda kuandikwa majina. Na Mathayo alipotaka kumtambulisha kwetu, hakuanza na miujiza, alianza na orodha ya nasaba, ile ambayo tukiisoma kanisani watoto husinzia. Mungu ameyaandika majina yetu kwake bila kusaidiwa na mtu. Lakini liwali, hakimu na shemeji mwenye tamaa hawasomi kitabu cha mbinguni. Hao wahitaji kuonyeshwa hiki chetu.

Tukitoka kwenye haki za mtu mmoja mmoja, vitabu hivi vina habari za nchi yetu ambazo hazipatikani pengine. Twawaomba mtazame safu moja tu ya kitabu cha ubatizo, ile ya mahali anapokaa mtoto. Humo mna majina ya vijiji ambavyo leo ni pori. Kati ya mwaka 1973 na 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, watu waliokaa wametawanyika kandokando ya vijito walihamishwa wakakusanywa pamoja. Makaburi ya mababu yalibaki nyuma, na miembe, na majina. Kijana wa leo akimwuliza babu yake "Asili yetu wapi?" hutajiwa mto. Lakini kitabu chataja kijiji, na jumbe wake, na jirani waliosimamia ubatizo. Kutokana na majina ya wasimamizi twaona pia Mndendeule akimsimamia Myao, na Myao akimsimamia Mngoni, na katika miaka ile ya vita vya Msumbiji, 1964 hadi 1974, twaona watoto wa wageni waliovuka Ruvuma. Wanaodhani kwamba sisi wa Lusewa tulianza kukaa pamoja juzi na waje wasome.

Mtatuambia kwamba habari za kale zimekwisha kuandikwa na wenye elimu. Ni kweli kwa sehemu. Makaratasi ya UMCA, chama cha misioni kilichotuletea Injili upande huu, yametunzwa vizuri sana Oxford, Uingereza, na gazeti lao, lililoanza mwaka 1883, lasomwa na wataalamu. Humo zimo habari za Masasi, ambako Askofu Steere aliwaleta watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876. Namna Wangoni, walioitwa Magwangwara, walivyoivamia stesheni hiyo mwaka 1882. Namna ilivyochomwa tena mwaka 1905 wakati wa Vita vya Majimaji. Twamsoma pia Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadre, mwaka 1890, aliyewachunga Wayao wa Chitangali. Twashukuru kwa hayo. Lakini fikirini: barua zilizokwenda Uingereza ziliandikwa kwa watu wa Uingereza. Zamtaja askofu, zamtaja padre, zamtaja sultani aliyekubali au aliyekataa. Mama aliyeleta mtoto wake wa nne kubatizwa baada ya watatu kufa, huyo hamo Oxford. Yumo katika sanduku letu, na kwa vitabu vyetu vingi hakuna nakala nyingine duniani.

Wahenga wetu nao walijua nguvu ya karatasi. Machemba, yule Myao wa uwanda wa Makonde, alipoitwa na Wissmann mwaka 1890 aende pwani akatii, hakupeleka mjumbe wa mdomo peke yake. Alipeleka barua ya Kiswahili, akakataa kwa maneno ya adabu na ya kiume ambayo husomwa mpaka leo. Hatungaliyajua kama barua ile ingaliwashiwa moto wa kupikia. Jirani yetu Mwislamu asemapo kwamba kuna nyumba hapa kwetu zenye barua za herufi za Kiarabu ndani ya mikoba ya marehemu, nasi twamwamini, maana mbili amekwisha kutuletea. Moja ni ya deni la nguo. Deni lenyewe halina maana tena, lakini humo mna bei, na jina la mwenye duka, na njia aliyopita mpaka Lindi.

Kisha liko jambo la muda. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini na walimu wao, akiwamo Gilbert Gwassa na John Iliffe, wakaandike habari za Majimaji kutoka kwa wazee waliokuwa hai bado. Wazee hao walikuwa watoto au vijana mwaka 1905. Kama kazi hiyo ingaliahirishwa miaka ishirini tu, wangalikuta makaburi. Hebu hesabuni wenyewe: mtoto aliyekuwa na miaka kumi na miwili siku ya Uhuru, mwaka 1961, leo ana miaka mingapi, na wangapi wa rika lake twawazika kila mwaka?

Songea, mjini, kila mwaka tarehe 27 Februari huadhimishwa siku ya mwaka 1906 ambayo wakuu wa Wangoni walinyongwa na Wajerumani. Wengi wamelala katika kaburi moja la pamoja pale penye Makumbusho ya Majimaji, na Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Ukoo wake wasema kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani, nao wamekitafuta miaka mingi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na uzao wake, akaomba msamaha, akaahidi kwamba watajitahidi kulitafuta fuvu hilo. Tulisikiliza habari hiyo redioni kwa machozi. Lakini mwalimu mmoja mwenzetu alisema neno ambalo halijatutoka: katika ghala za makumbusho za Ulaya mna mafuvu mengi, na lisiloandikwa jina litamjuaje mjukuu wake? Yote yategemea kama karani wa siku ile aliandika, na kama waliomfuata walitunza.

Sasa tufike kwenye jambo lililotugawanya. Katika sanduku moja mna kitabu cha walioadhibiwa: waliozuiliwa Komunyo, waliooa mke wa pili, waliokwenda kwa waganga, na wale waliorudi wakatubu. Mna majina ya babu za watu wakubwa wa hapa. Na katika barua kadhaa mna habari za nani alizaliwa na mtumwa wa nani. Baadhi yetu walitaka kitabu hicho kichomwe kimya kimya, ili wajukuu wasitukanwe sokoni. Walisema upendo husitiri wingi wa dhambi. Nia yao ni njema, wala hatuwalaumu.

Lakini tulisoma Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu alikuwa ameketi karibu na makaa, wakati wa baridi, akisomewa gombo la Yeremia. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu nne, gombo lilikatwa kwa kisu na kutupwa motoni. Je, jambo lililoandikwa likaacha kuwa kweli? Baruku aliandika lote upya, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Na tena katika nasaba ya Bwana wetu, Mathayo hakumficha Tamari, wala Rahabu, wala yule aliyekuwa mke wa Uria. Kama angalikuwa mmoja wa kamati yetu, labda tungalimshauri awafute.

Basi tumeamua hivi, na Padre amekubali. Kitabu hicho hakichomwi. Hakisomwi pia hadharani, wala hakipigwi picha kwa simu ya mtu. Kimefungwa kwa kitambaa na kutiwa lakiri, kimekabidhiwa Padre, nacho kitakaa kimefungwa mpaka wote waliotajwa humo na watoto wao watakapokuwa wamelala. Hata serikali za nchi nyingi hufunga majalada yao kwa miaka thelathini kabla ya kuruhusu watu wayasome. Na kwa kijana yeyote atakayetoka chumbani akitangaza utumwa wa babu ya mwenzake, huyo hatarudi chumbani. Adhabu nyingine hatuna, lakini hiyo tutaitekeleza.

Kuhusu kazi yenyewe, tutasema machache kwa faida ya wale watakaotaka kufanya hivyo nyumbani. Karatasi ya zamani haipendi jua, haipendi unyevu, na haipendi mapenzi ya kupita kiasi. Msianike kitabu juani kama muhogo. Msibandike ukurasa uliopasuka kwa selotepu, maana gundi yake hugeuka rangi na kula maandishi. Msitie laminesheni hati ya pekee. Vumbi huondolewa kwa brashi laini, kutoka katikati ya ukurasa kwenda nje. Mikono iwe safi na mikavu. Mafuta ya mandazi yamekwisha kuharibu zaidi ya mvua. Alama zote huandikwa kwa penseli, kamwe si kalamu ya wino. Pini za chuma na mipira ya kufungia huondolewa, kwa sababu kutu na mpira ulioyeyuka huacha madoa yasiyotoka. Sanduku lisiguse ukuta wala sakafu: liwekwe juu ya matofali, nasi hukagua kila wiki kama mchwa wamejenga njia mpya. Majani makavu ya mwarobaini twayatia kati ya vitabu, si ndani ya kurasa. Kila ukurasa hupigwa picha, na nakala huwekwa mahali pawili, kwa maana gombo la Koreshi lilionekana Akmetha, si pale watu walipotumwa kutazama.

Picha peke yake hazitoshi, kwa sababu mwandiko wa zamani una mambo yake. Mmoja wa waandishi wale aliandika "n" na "u" sawasawa, na mwingine aliandika majina ya Kiyao jinsi sikio la Mwingereza lilivyoyasikia. Hapo elimu ya chuo haisaidii. Anayesaidia ni bibi aliyeketi mlangoni, asemaye: "Huyo si Achanda, huyo ni mjomba wake mama yangu, na jina lake litamkeni hivi."

Hapo ndipo tunapokwama kwa sasa. Kitabu cha pili cha ubatizo kiliingiwa na maji zamani, paa lilipovuja, na kurasa zake za mwanzo zimefutika upande wa kushoto. Majina ya wasimamizi twayasoma; ya watoto wenyewe hayasomeki. Tumeyanakili majina ya wasimamizi kwa herufi kubwa na kuyabandika kwenye mlango wa kanisa. Kama mwaona hapo jina la babu, bibi, shangazi au mjomba wenu, na mwajua alimsimamia nani, njooni mtuambie, hata kama mna hakika ya jina moja tu. Mzee mmoja amekwisha kuturudishia majina saba akiwa amelala kitandani; tulimfuata nyumbani, nasi tutamfuata kila asiyeweza kutembea. Wenye barua za marehemu katika mikoba wazilete zisomwe na kupigwa picha, kisha watarudi nazo nyumbani siku ile ile.

Twakutana Jumamosi saa nane mchana. Wenye miwani waje nayo.